Unguja, Pemba au Mafia: uzamie wapi?

Nilipomwambia mama mdogo kwamba nimejifunza kuzamia, alishika kichwa. Kwao Tanga, karibu na bandari, mzamiaji ni kijana anayejificha ndani ya meli ya mizigo akimwomba Mungu ashukie Ulaya. Nikamweleza taratibu: ni mtungi wa hewa mgongoni, mapezi miguuni, dakika arobaini na tano chini ya maji kutazama samaki, kisha unarudi juu. Akauliza, "Na wanakulipa?" Nikasema hapana mama, mimi ndiye ninayelipa. Alinitazama kwa muda, akarudi kwenye nazi yake.

Tangu hapo nimezamia Unguja, Pemba na Mafia, misimu tofauti, na kila likizo inapokaribia napata swali lilelile: nina siku tano, nina milioni mbili, niende kisiwa gani? Anayeuliza hutarajia jina moja. Mimi humrudishia maswali manne. Unakwenda mwezi gani? Mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi? Umeshapiga mbizi ngapi? Na unaongozana na nani? Majibu hayo ndiyo yanayochagua kisiwa. Wengi hufanya kinyume: wanaona picha ya Mnemba, kile kisiwa kidogo cha Unguja, au ya papa potwe, yule papa mkubwa wa madoa wa Mafia, wanalipia, ndipo wanakumbuka kuuliza habari za upepo.

Ndugu wawili na mgeni mmoja

Ukivitazama kwenye ramani utadhani ni ndugu watatu waliojipanga mbele ya mrima. Chini ya maji, Pemba si wa ukoo huo. Unguja na Mafia vimekaa juu ya ukingo wa bara, na bahari kati yao na mrima ni ya kina kifupi. Zama za barafu, maji ya dunia yaliposhuka, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka bara hadi Unguja. Pemba haikuunganishwa hivyo. Kati yake na Tanga upo Mkondo wa Pemba, wenye kina kinachofikia mita 800 hivi, na kisiwa kimejitenga miaka mamilioni. Ndiyo maana kina popo wake mkubwa na aina nne za ndege wasiopatikana kwingine duniani.

Kwa mzamiaji maana yake ni hii. Unguja na Mafia, kwa sehemu kubwa, ni bustani: matumbawe yaliyotandaa kwenye mita 5 hadi 25, mteremko wa pole, na mchanga chini unaouona kwa macho yako. Pemba ni ukuta. Unashuka ubavuni mwa mwamba, mkono mmoja matumbawe, mkono wa pili buluu tupu, na ukitazama chini hakuna sakafu. Maji yake ni ya bahari kuu, safi. Siku njema unaona mita 30 na zaidi. Mafia ina Mto Rufiji ng'ambo ya magharibi, unaomwaga matope mwaka mzima, kwa hiyo huko mita 15 ni siku ya kawaida na hakuna anayelalamika.

Wakifika hapa wengi husema, basi Pemba. Subiri kidogo, tazama kwanza jinsi mimi mwenyewe ninavyovipima:

| | Unguja | Pemba | Mafia |
|---|---|---|---|
| Mbizi ulizonazo | hata sifuri | 30 na kuendelea | hata sifuri, ukibaki ndani ya ghuba |
| Sura ya chini | bustani, na meli iliyozama | kuta na mikondo | bustani na milango ya maji |
| Uoni majini | mita 15–25 | mita 20–40 | mita 8–20 |
| Miezi ninayoipenda | Novemba–Machi; magharibi hata wakati wa kusi (upepo wa Juni–Septemba) | Oktoba–Novemba, Februari–Machi | Novemba–Machi |
| Kufika bila ndege | boti, saa mbili kutoka Dar | boti, kupitia Unguja | gari hadi Nyamisati, kisha kivuko |
| Mwenzako asiyezamia | hatachoka | atamaliza vitabu vyake | atamwona potwe |

Unguja

Unguja ndipo pa kujifunzia, na silisemi hilo kwa dharau. Vituo ni vingi, kuanzia Nungwi na Kendwa hadi Matemwe na Mji Mkongwe, na utapata mwalimu atakayekufundisha kwa Kiswahili bila wewe kuomba. Hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Unapoambiwa kwa mara ya kwanza uvue miwani yako ukiwa mita sita chini, uivae tena na kuitoa maji kwa pumzi ya pua, ni vizuri maelekezo yawe yameingia kwa lugha unayoiotea ndoto.

Kozi ya kwanza huchukua siku tatu au nne: darasa, mazoezi kwenye maji ya kifuani, kisha mbizi nne baharini. Ukimaliza unaruhusiwa kushuka hadi mita 18. Asiyetaka kozi anaweza kujaribu mara moja tu, akiongozwa na mwalimu, si zaidi ya mita 12. Lakini wa kozi ana mtihani wa kuogelea, mita 200 bila kusimama na dakika kumi za kuelea, na hapo ndipo wenzetu wengi hukwama. Tumezaliwa pwani, tunakula samaki kila siku, na hatujui kuogelea. Baharini tulikatazwa kwenda tangu utotoni, kwa fimbo. Kama ni wewe, miezi miwili ya bwawani kabla ya likizo itakusaidia kuliko kununua miwani ya bei ghali.

Jina kubwa la Unguja ni Mnemba. Mwamba wake unakizunguka kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki, na ni mzuri kweli: kasa wa kijani wasioogopa mtu, makundi ya samaki wa njano yanayofunguka mbele yako kama pazia, pweza ukiwa na macho ya kuwatafuta. Ukuta wa Kichwani humfaa hata mwenye leseni mpya, ilhali ule mkubwa wa upande wa mashariki ni wa wazoefu. Tatizo la Mnemba ni watu. Kuanzia kama saa nne asubuhi boti za waogeleaji wa miwani zinafika kwa makumi, na pomboo wakitokea kila nahodha anawasha mashine kuwakimbilia. Mimi hilo silipendi na sioni kwa nini mzamiaji alipie. Dawa yake ni kulala Matemwe, ng'ambo tu ya Mnemba, na kuwa majini kabla ya saa mbili unusu. Ukilala Nungwi utafika pamoja na msafara.

Ninachokipenda mimi Unguja hakimo kwenye mabango. Ni mbele ya Mji Mkongwe. Bawe, Pange na Murogo ni miamba iliyo dakika chache kwa boti kutoka ufukwe wa mjini, na wakati wa kusi huwa imekingwa na kisiwa chenyewe. Huko pia imelala Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, iliyozama mkesha wa mwaka mpya wa 1902. Kina chake ni kama mita 12 tu, kwa hiyo mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kuizunguka na bado akabaki na hewa. Mbavu za chuma zimevaa matumbawe, mikunga wanatoa vichwa kila penye tundu. Uoni si wa kujivunia. Lakini unazamia asubuhi, saa nane mchana uko barazani na kahawa na kashata, na jioni unakula Forodhani. Sijui kisiwa kingine cha kuzamia chenye mji wa namna hiyo mlangoni.

Tahadhari mbili. Leven, mwamba ulio kati ya Nungwi na Pemba, una mikondo mikali, na atakayekushawishi uende ukiwa na mbizi kumi anataka kujaza boti. Na Chumbe, ambayo tangu 1994 ni hifadhi ya matumbawe, mitungi hairuhusiwi kwa watalii. Unaogelea na miwani na kibomba cha kupumulia tu, pamoja na mlinzi wa hifadhi. Nenda hivyohivyo. Matumbawe yanayokua nusu mita chini ya tumbo lako hayahitaji mtungi.

Pemba

Nilikwenda Pemba nikiwa na mbizi kumi na moja. Kiongozi aliniuliza ngapi, nikasema "kama ishirini hivi". Tukashuka kwenye ukuta karibu na Kisiwa cha Fundo, na mkondo ukanichukua kabla sijajiweka sawa. Hakuna kilichokuwa kinaenda vibaya. Hivyo ndivyo Pemba inavyozamiwa. Mkondo unakubeba ubavuni mwa ukuta na boti inakufuata juu kwa kuangalia mapovu. Ila mimi nilikuwa napigana nao, na anayepigana na mkondo anakunywa hewa kama ngamia. Dakika ya ishirini na sita kiongozi alitazama kipimo changu, akanishika jaketi, tukapanda pamoja. Wenzetu walikaa hamsini. Juu botini hakunisema. Alinipa chai ya tangawizi na kuniambia, "Kumi na moja, siyo?"

Kwa hiyo ninaposema 30 simaanishi kanuni ya mtu yeyote, namaanisha aibu yangu. Uwe na leseni ya pili inayokuruhusu kushuka hadi mita 30, uwe umeshapiga mbizi za mkondo mahali fulani, na uwe unaweza kusimama majini kwenye kina kimoja bila kushika kitu. Ukutani hakuna mchanga wa kukupokea ukizidi uzito.

Ukiwa hivyo, Pemba haina mshindani. Kwenye milango ya Njao na Fundo, bahari inaingia na kutoka kati ya visiwa vidogo vya magharibi, na penye mlango wa maji ndipo chakula kinapopita. Huko ndiko mizia wanasimama kwa makundi, kolekole wanawinda, jodari anapita kwa mbali kama mtu mwenye haraka zake. Mahali paitwapo Manta Point jina lisikuvute: wale taa wakubwa walioipa jina siku hizi ni wa bahati. Nenda kwa ajili ya ukuta wenyewe. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu kuja kuzaa, na mzamiaji mara nyingine anawasikia wakiimba bila kuwaona. Mwili wote unasikia, si masikio tu.

Misali ni suala la peke yake. Kisiwa hiki cha magharibi ya Chake Chake kimehifadhiwa tangu 1998, lakini wavuvi walikiheshimu kabla ya karatasi za serikali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Hadhara alitokea hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao, naye akasema kisiwa kimeelekea kibla, basi chenyewe kiwe msala. Jina likabaki. Matumbawe ya Misali yaliumia sana mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyapausha, na sehemu nyingine bado zinaonyesha kovu. Bado ningeipa siku nzima: mbizi mbili, chakula ufukweni, kuogelea kidogo na watoto wa wenyeji kama wapo.

Yanayokera Pemba? Safari. Boti kutoka Unguja hadi Mkoani haiendi kila siku, na bahari ya Nungwi wakati wa kusi si ya mchezo. Wapemba hawajasahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama na abiria wake. Wenye uwezo hupanda ndege hadi Chake Chake, nusu saa tu. Kisha kuna gari hadi ncha ya kaskazini, Kigomasha, kupitia msitu wa Ngezi, njia nzuri yenye harufu ya karafuu zilizoanikwa msimu wake ukifika, lakini ni njia. Vituo vya kuzamia unaweza kuvihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hoteli nyingi zenye vituo zinalenga mifuko ya Ulaya. Moja ina chumba cha kulala kilicho chini ya maji tangu 2013. Bei yake tuiache. Na ukienda Ramadhani, jua kwamba mchana nje ya hoteli hutapata hata chai, na ni haki yao.

Mafia

Hapa nina upendeleo, nausema mapema ili unisome ukijua.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania kupewa daraja la "marine park", na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822 hivi, vijiji na watu wake ndani. Zimehesabiwa humo spishi zaidi ya 400 za samaki. Wazamiaji hukaa Utende, kwenye Ghuba ya Chole, na geti la hifadhi liko barabarani kabla hujafika. Ada unalipa kwa siku, uzamie usizamie, na Mtanzania mwenye kitambulisho hulipa kidogo sana kuliko mgeni. Beba kitambulisho. Nimemwona mtu wa Mbagala akibishana getini nusu saa kuthibitisha uraia wake kwa lafudhi.

Ghuba ya Chole ni kama beseni kubwa lenye mlango mmoja mkuu, Kinasi. Maji yote ya beseni yanaingia na kutoka hapo mara mbili kwa siku. Kwa hiyo Mafia huzamii kwa saa ya mkononi, unazamia kwa maji. Yakijaa, bahari kuu inaingia safi na uoni unapanda; yakikupwa, ghuba inatoka na vumbi lake lote na mkondo unakusukuma kuelekea nje. Wageni huambiwa tu waje saa fulani. Sisi tunaweza kupiga hesabu kabla ya kukata tiketi, kwa sababu kalenda ya Kiislamu iko ukutani.

Hesabu yenyewe: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapojaa sana na kukupwa sana. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake maji yanaanza kuingia saa nne na ushee, na mbizi nzuri ni ya adhuhuri. Lakini bamvua huleta mkondo mkali Kinasi, na asubuhi ufukwe wa Utende unakauka, boti zinalala ubavu na wewe unatembea na mtungi. Siku za maji mafu, yaani karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi wa Kiislamu, mambo hugeuka: maji yanajaa asubuhi, mkondo ni mpole, na mwanafunzi anaweza kupelekwa Kinasi bila hofu. Mimi nikienda na mtu mpya, natafuta tarehe 7 hadi 10. Mjuzi anayetaka mkondo atafute siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu.

Ndani ya ghuba, Milimani ndipo ninaporudi kila mara. Ni vilima vya matumbawe vilivyofuatana kama jina linavyosema, na ukizungukazunguka taratibu kwenye mita 10 hadi 20, kila kilima kina wenyewe. Chewa wakubwa wa Kinasi wamewazoea watu. Ng'amba wanakula sponji bila kukujali. Nje ya ghuba kuna kuta za Dindini na Juani, maji masafi, samaki wakubwa zaidi, lakini huko boti hutoka wakati wa kaskazi tu. Kusi ikiwa imeshika, mawimbi hayaruhusu, na anayekuahidi nje mwezi wa Julai anakupa maneno. Hilo ndilo kosa linalowauma wengi: wanakwenda Agosti kwa picha zilizopigwa Januari.

Na sasa potwe. Papa potwe, ambaye Wakenya wengine humwita papa shilingi kwa yale madoa ya mgongoni, huja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi kula vijidudu na kamba wadogo wa baharini. Wengi wa Mafia ni madume wachanga wa mita sita saba, na bado ukimwona akija na mdomo wazi moyo unasimama. Hana habari na wewe. Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba kumwona hakuhitaji leseni wala mtungi. Unakwenda na mashua upande wa magharibi, nje ya mipaka ya Utende, unateremka na miwani na kuogelea pembeni yake. Usimguse, usimkatie njia, usipige picha kwa mwanga. Basi kama potwe ndiye anayekuita, fungu la pesa ulilotenga kwa kozi ya kuzamia libakize nyumbani, mchukue na mkeo.

Upepo, kwa ufupi

Kaskazi, Desemba hadi Machi: bahari tulivu, maji ya joto hadi nyuzi 29, na kila kitu kiko wazi, bei zikiwa juu Krismasi. Masika, Aprili na Mei: usiende, hoteli nyingi zenyewe zinafungwa. Kusi, Juni hadi Septemba: upepo, maji nyuzi 25 au chini kidogo, chukua suti ya milimita 5 maana utatetemeka mbizi ya pili, kaa magharibi ya Unguja au ndani ya Ghuba ya Chole. Pemba ya magharibi pia imekingwa dhidi ya kusi, kazi ni kufika. Maleleji ya Oktoba na Novemba, upepo ukiwa hauna mwenyewe, ndiyo siri ya wenyeji: bahari kama kioo, wageni wachache, potwe ameshaanza kuja.

Pesa, ndege na mengine ya kuuliza kwenye simu

Mbizi mbili za siku moja mara nyingi hazipungui dola 100 kwa bei ya wageni, na kozi ya kwanza ni kama dola 400 hadi 550. Uliza bei ya wakazi. Haiandikwi popote, lakini vituo vingi vinayo, hasa ukipiga simu mwenyewe kwa Kiswahili msimu ukiwa umelala. Unguja ndiyo rahisi kubana matumizi kwa sababu unaweza kulala nyumba ya wageni Mji Mkongwe na kula mgahawani. Mafia inawezekana pia: Utende kuna nyumba za wageni za wenyeji, na kivuko cha Nyamisati kinaokoa nauli ya ndege, ukiwa tayari kuimaliza siku nzima njiani ukipita Barabara ya Kilwa. Pemba sijawahi kuitoka nikiwa na chenji.

Ndege zina hesabu yake. Baada ya kuzamia, mwili bado una naitrojeni iliyoyeyuka ndani ya damu, na ukipanda juu mapema inatoka kama mapovu ya soda. Miongozo inataka saa 12 baada ya mbizi moja, 18 baada ya siku kadhaa za kuzamia. Kwa Unguja na boti hilo halikuhusu: unazamia asubuhi, unavuka Dar jioni. Mafia kwa ndege unapoteza siku ya mwisho, kwa hiyo mpange potwe awe wa mwisho, au magofu ya Kua kule Juani. Wanaotoka Muscat au Dubai kuja likizo nyumbani ndio hasa wanaosahau. Wanazamia Kendwa asubuhi na usiku wako uwanjani.

Ukipiga simu, usiulize kwanza bei. Uliza kiongozi mmoja anachukua watu wangapi. Wanne ni sawa, wanane ni daladala. Uliza kama botini kuna oksijeni, na chemba ya shinikizo wanayoitegemea iko wapi na mtu anafikishwaje. Swali hilo la mwisho lina uzito zaidi Pemba na Mafia kuliko Unguja. Anayejibu bila kusita ndiye ninayempa pesa yangu. Na kwa akina dada wanaouliza: suti ya mwili mzima na kofia yake ya kuzamia inasitiri kuliko vazi lolote la ufukweni, na hakuna kituo kitakachoshangaa.

Walioko Mombasa wana haki ya kuniuliza kwa nini wavuke mpaka. Kwa likizo fupi hawana haja. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968, na Kisite, ng'ambo ya Wasini, unaifanya kwa siku moja kutoka Diani na kurudi na harufu ya kaa wa nazi mikononi. Ila kuta za Pemba hawana, wala mlango kama Kinasi.

Yule wa siku tano na milioni mbili

Aliyeniuliza mara ya mwisho alikuwa anakwenda mwisho wa Julai, hana leseni, anaogelea kiasi, na mkewe haingii majini zaidi ya magoti. Moyo wake ulikuwa Mafia kwa ajili ya potwe. Nilimwambia Julai potwe hayuko karibu na ufukwe na nje ya ghuba kumefungwa na kusi, atalipa nauli ya ndege kutazama nusu ya kisiwa. Akapanda boti ya asubuhi kwenda Unguja, kozi upande wa Mji Mkongwe, mkewe akizunguka Darajani na Jozani kuangalia kima punju. Siku ya nne alizamia Great Northern. Alinitumia picha ya mkunga, imetikisika, haionekani vizuri. Potwe ameshamwekea Novemba, tarehe 8 ya mwezi wa Kiislamu, na safari hii mama mdogo wangu ameomba nafasi kwenye mashua. Amesema atakaa tu, hazami.